Maktaba ya Milinganyo ya Maji

Muhuri ulifika kabla ya programu. Injinia aliuagiza Nairobi, wa mpira, wenye mpini wa mbao, na asubuhi ulipofika aliugonga mara nne au tano juu ya karatasi tupu ili tuone wino unavyokaa. Ulisema MAKTABA YA PROGRAMU ZA HESABU ZA MAJI, na chini yake herufi za kwanza za jina lake. Maktaba yenyewe haikuwa na hata mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimeajiriwa wiki tatu kabla ili niiandike, na bado nilikuwa natafutiwa kiti.

Hii ilikuwa Nyeri, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, katika ofisi ya maji ambayo sitaitaja. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa hesabu upande wa Karatina. Chuo kikuu nilikuwa nimefundishwa Fortran, lugha ya kuiandikia kompyuta, kwenye mashine iliyojaza chumba kizima, na mtu mmoja wizarani alikumbuka jambo hilo. Injinia naye alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya pili, sanduku la vitabu, na namna ya kulitamka jina la mji wake wa kuzaliwa kana kwamba amelisoma kwenye ramani. Aliniita mwalimu. Hakuniita hivyo kwa heshima.

Kazi ilikuwa hivi. Maji yanapotambaa ndani ya udongo, au joto linapopenya ukutani, kiasi chake hubadilika mahali na wakati kwa pamoja, na kuna milinganyo inayoeleza mabadiliko hayo. Vitabu vya Injinia viliipa jina refu. Ofisini tuliiita milinganyo ya maji. Kwa kalamu huwezi kuitatua, isipokuwa shamba lako liwe mraba kamili na udongo wake uwe sawa kila pahali, na shamba la namna hiyo linapatikana vitabuni tu. Kwa hiyo unalikata shamba kwa miraba midogo kama karatasi ya grafu. Kila mraba unaulizwa majirani zake wanne wana maji kiasi gani, kisha unasogeza saa mbele kidogo, unauliza tena. Ni hesabu ya kijirani, haina uchawi. Ila ukisogeza saa kwa hatua kubwa mno, namba huanza kuruka. Mraba huu unafurika, wa pili unakuwa na maji chini ya sifuri, jambo ambalo hata serikali haijaweza.

Na maktaba maana yake ni kwamba kazi hiyo iandikwe mara moja, iandikwe vizuri, iwekwe mahali, ili mtu wa Nanyuki mwenye bwawa na mtu wa Wang'uru mwenye mpunga waikope wote wawili bila kuanza upya. Hilo ndilo nililolielewa mimi. Nilipendekeza vipande vidogo: kimoja cha kukata shamba, kimoja cha kushika habari za mipakani, kimoja cha kuuliza majirani, kimoja cha kusogeza saa, kimoja cha kuchapa majibu. Anayetaka chumvi apewe chumvi, asibebeshwe duka.

Injinia alisikiliza huku akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Vipande ni vya watoto," akasema. "Mimi nataka programu moja. Inaitwa mara moja, inafanya kila kitu. Mtumiaji anaipa namba zake, inampa majibu. Mtumiaji hapaswi kufikiri."

"Namba ngapi?"

Akahesabu kwa vidole, akaacha, akachukua karatasi. Zilikuwa thelathini na moja. Kimo cha maji juu, kimo cha maji chini, unyevu, urefu, upana, hatua ya saa, na nyingine ishirini na tano, zote katika mstari mmoja, kwa mpangilio ambao aliubuni alasiri hiyo na ambao haukuwa na sababu yoyote. Ukikosea mpangilio, mashine haikwambii. Inachukua namba ya tisa kama ya tisa, hata kama ulikuwa unamaanisha ya kumi.

Halafu kulikuwa na majina. Fortran ya siku hizo iliruhusu jina la herufi sita tu kwa kila programu ndogo. Sita. Injinia aliamuru mbili za kwanza ziwe herufi zake. Kwa hiyo kila kitu tulichokiandika kilianza kwa kumtaja yeye, kisha kikabakiwa na herufi nne za kueleza kinafanya nini. Nimefanya kazi na watu wengi wenye majivuno, lakini sijaona mwingine aliyekula theluthi ya lugha.

Niliandika alivyotaka. Nilikuwa na mshahara na kiti kilikuwa kimepatikana.

Nyeri hatukuwa na kompyuta. Tuliandika programu kwa penseli kwenye fomu zenye vijumba vidogo, herufi moja kwa kila kijumba, na kila Jumatatu dereva wa ofisi alizipeleka Nairobi. Huko wanawake walikaa mbele ya mashine za kutoboa kadi, wakageuza kila mstari wangu kuwa kadi yenye matundu. Kadi zililishwa kompyuta, na Ijumaa dereva akaturudishia bunda la karatasi za majibu, kadi, na fomu zetu. Ukikosea herufi moja umepoteza wiki.

Wiki ya pili fomu ilirudi na maneno ya penseli pembeni, mwandiko mdogo ulionyooka.

"Dada, hapa ni O ama ni sifuri? Ukiandika sifuri pitisha mstari katikati."

Nilikuwa na digrii. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika chini yake: "Toboa kilichoandikwa." Jumatatu nikairudisha fomu hiyohiyo Nairobi.

Ijumaa ilirudi na jibu: "Sawa. Nimetoboa kilichoandikwa."

Programu haikuwa imefanya kazi hata sekunde moja. Ilikuwa imekwama kwenye O, ambayo ilipaswa kuwa sifuri. Nilikaa na karatasi hiyo mchana mzima nikimchukia mwanamke nisiyemjua, na kwa kuwa sikuwa mjinga kabisa, mwishoni nikaanza kupitisha mstari kwenye sifuri zangu.

Tangu hapo maneno ya penseli yalikuja kila wiki. Mstari wa arobaini na wa arobaini na moja inafanana, ni makusudi? Hili jina juu umeliandika na I, hapa chini umeliandika na L. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliishia kidato cha pili, na kwamba hakujua milinganyo ya maji ni nini, wala hakujali. Alikuwa na jicho. Aliyaona maandishi yangu jinsi mshonaji anavyoona mshono wa mwenzake, na hakukosea hata mara moja. Injinia, ambaye alijua milinganyo kwa majina yake yote, hakuwahi kuona kosa hata moja katika karatasi zangu. Alikuwa anazigonga muhuri.

Halafu likaja neno ambalo lilinifundisha kazi yangu kuliko chuo.

"Mwalimu," aliandika safari hiyo, maana alikuwa amesikia kwa dereva kwamba nilikuwa mwalimu, na yeye alimaanisha heshima. "Hizi namba 31 umezipanga tofauti na wiki jana. Ya tisa imekuwa ya kumi. Na ni wewe mwenyewe uliyezitunga. Mtu mwingine atafanyaje?"

Nilimpelekea Injinia karatasi hiyo mezani. Alisoma, akacheka kidogo puani.

"Sasa tunafundishwa kazi na wapiga chapa?"

"Anasema kweli."

"Anatoboa kadi, mwalimu. Ni kama kuuliza posta ikiwa barua imeandikwa vizuri."

Nikarudi kwenye kiti changu. Lakini tangu siku hiyo sikumwogopa tena, na hapo ndipo nilipoharibika. Mtu unayemwogopa unamwambia ukweli kwa hofu. Unayemdharau humwambii kitu.

Kazi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga. Kuta za mfereji mmoja wa juu zilikuwa zimebomoka, na swali lilikuwa kama lango lake linaweza kufungwa wiki mbili ili utengenezwe, bila vitalu vya miche upande wa chini kukauka. Injinia alisema hii ndiyo siku ya maktaba. Alijaza fomu mwenyewe, namba zote thelathini na moja kwa mkono wake, kwa sababu alitaka mwandiko wake uwe kwenye kumbukumbu.

Ijumaa majibu yalikuja. Alichukua bunda la karatasi kabla sijaligusa, na nikabaki na kadi na fomu. Pembeni mwa fomu kulikuwa na penseli: "Mwalimu, huu si mwandiko wako. Ya 17 na ya 18 zimebadilishana. Kwako kubwa huwa mbele. Nimetoboa kilichoandikwa lakini uangalie."

Ya kumi na saba ilikuwa kimo cha maji kwenye mfereji wa juu. Ya kumi na nane ilikuwa kimo cha maji kwenye mtaro wa chini. Injinia alikuwa ameigeuza nchi chini juu. Kwenye karatasi zake, maji yalikuwa yakitoka mtaroni na kupanda kuelekea mferejini, na kwa hiyo vitalu vya chini vilikuwa na maji tele, lango lifungwe lisifungwe.

Mlango wake ulikuwa hatua sita kutoka kiti changu. Nilimsikia akipiga simu, akieleza mtu kwamba matokeo ni mazuri. Nilikunja fomu mara mbili, nikaitia kwenye mkoba. Nilijiambia kwamba mtu mwenye macho ataliona kosa huko Wang'uru kabla lango halijafungwa, mbele ya watu, na Injinia ataaibika inavyompasa. Nilitaka kuwepo. Niliomba niende naye, akakubali, kwa kuwa kulihitajika mtu wa kubeba karatasi.

Mwenye macho alikuwepo kweli. Alikuwa mgawa maji, msimamizi wa malango ya upande ule, mtu wa makamo aliyevaa buti za mpira na koti lililotiwa viraka kwenye viwiko. Injinia alitandaza karatasi juu ya boneti ya Landrova. Mgawa maji aliuliza ni namba gani ya shamba gani, akaonyeshwa. Akafuata safu kwa kidole, polepole.

"Madam," akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimezishika zisipeperuke, "hii karatasi iko na makosa. Maji ya hapa inatoka juu, inaenda chini. Nyinyi mmeandika inatoka chini."

Nikamtazama Injinia. Nilikuwa nangoja aone.

"Hiyo ni hesabu ya chini ya ardhi," akasema Injinia. "Chini ya ardhi mambo ni tofauti."

"Ati chini ya ardhi maji inapanda?"

"Mzee, hii imefanywa na kompyuta. Kompyuta haina shamba hapa. Haiwezi kumpendelea mtu."

"Ndiyo," akasema mgawa maji. "Haina shamba."

Akanitazama tena. Nilikuwa na fomu mkobani, na mkoba ulikuwa begani. Nikazidi kuzishika karatasi zisipeperuke. Mpaka leo nikijaribu kukumbuka nilichokuwa nafikiri, sikumbuki fikira yoyote, nakumbuka tu raha. Nilikuwa nasubiri mtu mzima ajione mjinga, na yeye hakuwa na kipawa hicho. Alikunja karatasi zake, akaamuru lango lifungwe, na mgawa maji, ambaye alikuwa ameajiriwa kufuata amri, akalifunga mbele yetu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi peke yangu kwenda Wang'uru. Lango lilikuwa na siku tano limefungwa. Sikuhitaji kuuliza njia ya vitalu, rangi ilinionyesha. Upande wa juu miche ilikuwa kijani. Upande wa chini ncha zake zilikuwa za manjano zikienda hudhurungi, na tope lilikuwa limeanza kupasuka. Wanawake wawili walikuwa wanabeba maji kwa madebe kutoka mtaroni, wakimwaga kwenye vitalu, wakirudi. Maji ya debe kwenye tope lile yalikuwa kama mate.

Mgawa maji alikuwa amesimama kwenye tuta. Kitalu kimojawapo kilikuwa chake.

"Umekuja kuona, madam?"

"Nimekuja kukwambia ufungue lango."

"Injinia amesema?"

"Hapana. Karatasi ilikuwa na makosa. Namba mbili zilibadilishana mahali."

"Mlijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Kabla hatujaja," nikasema.

"Nyinyi wawili?"

"Mimi. Yeye hajui mpaka sasa."

Akapangusa tope kwenye buti.

"Basi yeye ni mjinga tu," akasema. "Wewe ni kitu ingine."

Akaenda kufungua. Nilisimama pale nikisikia maji yanaingia. Hakunialika chai, na watu wa kwetu hawamwachi mgeni aondoke bila chai kwa kusahau.

Nusu ya vitalu vya chini ilibidi ipandwe upya, na msimu wao ukachelewa. Jumatatu Injinia alipata habari. Kufika saa nne alikuwa amekwisha kuandika ripoti, nami nikapewa niisome nione kama Kiingereza kimekaa vizuri. Ilisema kwamba kosa lilitokea katika utoboaji wa kadi, na kwamba ofisi inapendekeza mtoboaji anayehusika achukuliwe hatua.

Niliitoa fomu mkobani, nikaikunjua juu ya ripoti. Mwandiko wake, na pembeni penseli.

"Alionya," nikasema. "Aliniandikia. Mimi nikakaa nayo."

Alisoma polepole zaidi kuliko nilivyowahi kumwona akisoma.

"Kwa hiyo kosa ni lako."

Katika miaka yote niliyomfahamu, hilo ndilo jibu sahihi alilolipata bila msaada.

"Ni letu," nikasema. "Ila mwandiko ni wako. Nitaiandika maktaba upya kwa vipande vidogo, na huyu dada hatatajwa popote. La sivyo fomu hii itakwenda Nairobi pamoja na barua yangu, na mimi nitakubali sehemu yangu."

Akaichana ripoti. Mpya ilisema hitilafu ya mitambo. Hakuna aliyeuliza mitambo gani. Kabla mwezi haujaisha nilimsikia akiwaeleza wageni kutoka wizarani kwamba programu kubwa ni mtindo wa kizamani, na kwamba yeye tangu mwanzo alipendelea vipande. Wageni waliandika kwenye vitabu vyao.

Niliandika upya kwa miezi minane, na niliandika na mtoboaji, ingawa jina lake halikuwa popote. Nilimweleza kwa barua kila kipande kinafanya nini, naye akanieleza mtu atakikosea wapi. Wazo la kuweka neno kabla ya kila namba lilikuwa lake: kadi inasema JUU, kisha namba, inasema CHINI, kisha namba, na programu inasoma neno, haihesabu nafasi. Wazo la kuifanya mashine ikatae lilikuwa lake pia. "Kwa nini isiulize?" aliandika. "Hata mimi nauliza." Basi kipande cha mipakani kilipopewa mtaro ulio juu kuliko mfereji, kilisimama palepale na kuchapa: MAJI HAYAPANDI MLIMA. ANGALIA KADI YA JUU NA KADI YA CHINI. Injinia alitaka maneno hayo yawe ya Kiingereza. Nikamwambia kwamba anayesoma karatasi za majibu Wang'uru ni mgawa maji, na yakabaki.

Ilifanya kazi. Watu wa Timau waliitumia kwa mabwawa ya mashamba ya ngano, watu wa Nanyuki kwa visima. Injinia alipandishwa cheo, akahamia Nairobi, akaanza kualikwa kwenye mikutano. Sikushangaa. Watu waliompandisha walikuwa wa namna yake.

Mashine za kutoboa kadi zilipoanza kuondolewa, niliomba ofisi imwajiri yule dada kama mwandishi wa programu. Aliitwa Nyeri kwa mahojiano, na ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza: mwanamke mfupi, kitambaa cha kichwa cha samawati, miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Tulisalimiana kwa mikono miwili kama ndugu. Jopo lilikuwa na wanaume watatu. Walimuuliza vyeti. Akatoa kimoja. Walimuuliza tofauti kati ya mlinganyo wa joto na mlinganyo wa wimbi, jambo ambalo mmoja wao hakulijua, maana nilikuwa nimemsahihisha juzi yake. Hawakumwonyesha programu hata moja akatafuta kosa. Ilichukua dakika kumi, nao walikuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Alirudi kwao, Kagio, akaanza kununua nyanya na vitunguu vya wakulima na kuvipakia kwenye malori ya Nairobi. Mimi nami sikukaa sana. Nilirudi kufundisha, na wasichana wangu walipitisha mstari kwenye sifuri zao wakitaka wasitake.

Miaka kadhaa baadaye nilipitia Kagio siku ya soko. Alikuwa katikati ya magunia, daftari kwapani, akimkemea mwanamume aliyekuwa ameweka vitunguu vibovu chini ya vizuri. Alipomaliza naye akanikumbatia, akaniuliza habari za shule, za watoto wangu, kisha akauliza kama ile maktaba yetu bado inafanya kazi.

"Walileta kompyuta mpya," nikasema. "Haikusoma kadi. Wakazichoma zote nyuma ya ofisi, na sasa kuna kijana anaandika upya tangu mwanzo. Nasikia programu yake ni moja kubwa."

"Namba ngapi?"

"Sikuuliza."

Akatikisa kichwa. Lori lilikuwa limeanza kurudi nyuma kuelekea magunia, dereva akichungulia upande usiofaa.

"Mwalimu, shika hapa," akasema, akinipa pembe ya gunia. "Hapana, shika chini. Ukishika hapo litapasuka."

Nikashika chini.